Vidonge vya Asubuhi, Maji ya Moto ya Jioni

Slanchovo, 28 Novemba

...na kabla hujanikatia simu nilikuwa nakwambia hivi, mkwe Verginia, na sasa utanisikiliza mpaka mwisho maana karatasi haina kitufe cha kukatia: mwanangu hapasuliwi tumbo kabla mwanao hajapimwa.

Umesikia? Basi. Nimeapa mbele ya picha ya Mtakatifu Petka kwamba sauti yako siitaki tena masikioni mwangu, lakini kuandika sikuapa, na Mtakatifu Petka ananijua, atanielewa. Mwandiko uvumilie. Shule niliiacha mapema nikaenda kuchunga bata mzinga wa shamba la ushirika, na bata mzinga hawamfundishi mtu kuandika.

Sasa turudi pale pale. Ulisema nini kwenye simu? Nakumbuka vizuri, maana nilikuwa napanga kabichi kwenye pipa la maji ya chumvi na nusura nitumbukie humo kichwa mbele. Ulisema, "Tsonka, kisima cha bintiyo ni kikavu." Kikavu! Teodora wangu! Miaka minne yuko kwa Galin wako, miaka minne anakupikia, anakusugulia sakafu, anakusikiliza ukisimulia magoti yako, na kila sikukuu unamtazama tumbo kama mtu anayengoja basi lililochelewa. Halafu unanipigia kwa furaha eti umempata daktari huko Plovdiv, atamlaza mwisho wa Januari, amfungue aangalie mirija. Tumbo la nani hilo mnalogawana? La kwako?

Hebu niambie, wewe uliyefuga kuku. Mayai yakikataa kuanguliwa, unamchinja kuku tu? Jogoo humwangalii hata kidogo, anawika tu pale juu ya ukuta, mzuri, mkia umempanda?

Na jingine. Kiangazi walipokuja kututembelea nilikuwa namtandikia Galin kitanda, nikaona mkoba wake. Sikupekua! Ulikuwa wazi. Haya, ulikuwa wazi kidogo. Makopo, Verginia! Vidonge vya zinki. Vidonge vya seleniamu. Mafuta ya samaki. Poda ya mizizi ya mlima sijui gani, juu ina picha ya farasi dume kasimama kwa miguu miwili. Mwanaume mzima anatembea na duka la dawa kwa nini? Nikamwuliza. Akaniambia, "Ni za misuli, mama." Misuli! Galin anauza bima ofisini. Misuli ya kunyanyulia nini, kalamu?

Hapa kwetu wote wazima. Gina wa jirani kagombana na mkwewe juu ya mbwa, ni kisa kitamu sana, lakini nitakusimulia siku tukipatana.

Mpime kwanza.

Tsonka, mama yake Teodora

*

Toplo Dere, 7 Desemba

Bi Tsonka,

Barua yako nimeipata. Niliisoma nimesimama, maana si barua ya mtu kusoma ameketi.

Mkoba wa mwanangu haukuhusu. Vile vidonge ni lishe tu. Kijana anayejitunza siku hizi anameza vitamini kama sisi tulivyokunywa mtindi. Nami namwongezea vya kwangu: asali na jozi kila asubuhi, mayai mabichi ya kware, na jioni akitoka kazini anakwenda kwenye bafu la mji. Wewe wa nchi ya alizeti hujui maji. Maji ya Toplo Dere yanatoka ardhini yana moto wa kunyonyolea kuku, sisi tunayapoza kidogo tu yaingie mtu. Baba mkwe wangu alijiloweka humo akazaa saba. Galin tangu harusi yake hajakosa jioni, saa nzima, maji yakimfika kifuani, anatoka mwekundu kama bitiruti. Nilimzoeza mwenyewe. Mwanaume wa namna hiyo ndiye unataka aende akafanye sijui nini ndani ya kikopo, mbele ya msichana aliyevaa koti jeupe?

Nimekaa kwenye dirisha la tiketi la bafu lile maisha yangu yote ya kazi. Nimeona wanaume wakija kutoka mbali, wameinamisha vichwa, na mwaka wa pili wake zao wanarudi wakisukuma kigari cha mtoto. Usinifundishe.

Teodora amekubali mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono. Daktari alimwuliza maswali yote, naye akayajibu yote. Siku ya Mkunga, tarehe ishirini na moja Januari, atamnawisha mikono bibi Neda aliyetuzalisha sote hapa, kama desturi, apate baraka, halafu Jumatano inayofuata anakwenda Plovdiv. Na hilo lisiposaidia, basi Pasaka Galin na mimi tutakaa mezani tuamue. Mwanangu ni mmoja tu. Siwezi kuzeeka nimezungukwa na paka.

Verginia

*

Slanchovo, 14 Desemba

Mkwe,

Eti mtakaa mezani mwamue! Na mwanangu atakuwa wapi mkiamua, chini ya meza, na hao paka?

Sasa kaa, barua hii ni ya kukaa. Nilipomaliza kusoma yako nilivaa koti nikapanda basi mpaka mjini kwa Miroslava, yule binti wa duka la dawa, anayejua mambo na hana haraka na mtu. Nikamwambia, "Mwanangu, nina swali la aibu." Akasema, "Wewe, mama Tsonka? Una aibu?" Duka zima likageuka. Nikasema hewala, kama wamegeuka basi wasikie.

Nikamwuliza vidonge vile ananunua nani. Akasema ananunua yeyote, lakini akija kijana anataka zinki na seleniamu na mafuta ya samaki na ile ya farasi, vyote kwa mpigo, yeye hamwulizi kitu, anamfungia vizuri kwenye mfuko usioonyesha ndani. Ni wanaume ambao mbegu zao zina kasoro. Nikauliza, vinasaidia? Akasema, "Wengine kidogo, wengine hata kidogo hapana. Ni kama mbolea, mama. Mbolea itafanya nini kama shamba lenyewe unalichoma moto?" Moto gani? Akasema sigara, pombe nyingi, maji ya moto.

Verginia, nilishika meza.

Nikamweleza hodhi lenu. Nikamweleza saa nzima, kila jioni, miaka minne, mpaka kifuani. Miroslava akavua miwani. Akasema, "Mama Tsonka, ini Mungu kaliweka ndani. Figo kaziweka ndani. Moyo kauweka ndani na mbavu juu yake. Kwa nini yale mawili tu kayaning'iniza nje? Yanataka ubaridi! Huyo mama anamchemshia mwanawe mayai halafu anangoja vifaranga?"

Watu walicheka mpaka kioo cha mlango kikatetemeka. Mzee mmoja aliyefuata dawa ya kikohozi alifunga koti lake vifungo vyote mpaka chini. Mimi sikucheka. Haya, nilicheka. Lakini kwenye basi la kurudi nikaanza kuwaza, na nilipofika kwetu nilikuwa nimekasirika hata Rangel mume wangu akajitolea kwenda kukata kuni mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Kwa sababu sikia. Wewe umemkalisha mwanao kwenye supu miaka minne. Hukujua, sawa, hukujua. Lakini kwa kile ambacho wewe hukijui, ndiyo kisu kiingie kwa mwanangu? Kila aliyekuuliza sokoni "mjukuu lini," ulimwambia nini? Ulisema "muulizeni yeye," ukamwonyesha Teodora kwa kidevu. Nilikuwepo. Nilikuona. Alikuwa amekubebea viazi.

Mtoe huyo kijana majini. Akauke. Kisha akapimwe. Miroslava anasema ni jambo dogo, halimwumizi mtu, tena wengine wanafurahi.

Tsonka

*

Toplo Dere, 22 Desemba

Mama,

Acha kumwandikia mama mkwe. Barua zako anazisoma jikoni kwa sauti, halafu anaosha sahani kwa kuzigonga, na mimi ndiye ninayezipangusa. Ile ya mayai alipomaliza alikwenda kulala saa kumi na mbili jioni.

Mimi nimeshaamua. Ni tundu dogo tu kitovuni, daktari anapitisha kamera, unalala siku moja unatoka. Watu wanafanyiwa kila siku. Usililie jambo ambalo mimi silii.

Na Galin usimguse, mama. Galin ni mtu mzuri. Hanywi, hanipigi, usiku nikiwa na baridi ananipa soksi zake. Daktari aliniuliza kama mume wangu amepimwa nikamwambia amepimwa, ni mzima, basi yakaisha. Vidonge vyake anavimeza kila asubuhi kama alivyoambiwa, hasahau. Na kuhusu hodhi, hawezi kuacha kwenda. Huujui mji huu. Wanaume wote wako pale jioni, wanaongea mpira, wanacheza karata kwenye ubao unaoelea. Akikosekana wiki moja tu, wanaanza kuulizana ana nini, na mama yake ndiye wa kwanza kuuliza.

Usije Siku ya Mkunga. Nakuomba sana. Baba mwambie nimempelekea koti la sufi kwa posta.

Teodora wako

*

Slanchovo, 29 Desemba

Tedi,

Kama alivyoambiwa na nani?

Nimeisoma barua yako mezani, nimeisoma kitandani, nimemsomea baba yako. Mtu wa misuli haambiwi. Mtu wa misuli anajinunulia tu. Galin kaambiwa na nani ameze nini, na kwa nini kila asubuhi, na kwa nini asisahau? Na wewe, kati ya maneno yote ya kusema, umeandika "hawezi kuacha kwenda." Hukuandika "hataki." Mtu ambaye hajaambiwa aache, anashindwaje kuacha?

Sitakuuliza tena. Usiponijibu nitakuwa nimejibiwa.

Ila nisikilize, mwanangu, mama yako ana mdomo mkubwa lakini si mjinga. Mbegu kuwa chache si dhambi. Si ulevi, si wizi, ni mwili, mwili unafanya unavyotaka. Baba yako sikio lake la kushoto ni bovu tangu jeshini, nami nimempenda na sikio lake. Lakini katika miaka yote hii hajawahi kuwaambia watu kwamba asiyesikia ni mimi.

Tiketi ya treni nimeshanunua. Mkate wa jibini nitaoka mimi, wa mama mkwe wako una unga mwingi.

Mama

*

Toplo Dere, 26 Januari

Tsonka,

Ulikula mezani kwangu. Ulilala kwenye mashuka yangu ya harusi. Ulimsifu paka wangu. Kumbe ulikuwa unangoja kuche.

Siku ya Mkunga hapa kwetu mwanaume akionekana nje anakamatwa, anavuliwa kofia, anatoa divai, anaachiwa. Hiyo ndiyo desturi, nami nimeifuata tangu nilipozaa. Tunamvisha bibi Neda shada la pilipili nyekundu, nasi tunavaa pilipili shingoni, tunampandisha kwenye sleji ya kuburuta thelujini, tunampeleka kwenye chemchemi, tunaimba yale ya kuimba wanawake peke yao, tunarudi. Desturi haisemi mgeni kutoka nchi ya alizeti asimamishe sleji mbele ya bafu, aingie upande wa wanaume akipiga vifuniko viwili vya sufuria, awatoe wazee wa watu mbio na taulo zao, halafu amtoe mwanangu majini, kajifunga shuka, anafuka mvuke kama kiazi, mpaka kwenye theluji mbele ya wanawake wa mji mzima.

Ukamwambia, "Divai baki nayo. Fidia yako ni jibu moja. Umepimwa?"

Akacheka. Akasema, "Nimepimwa, mama Tsonka. Mzima kama fahali."

Wakashangilia. Na mimi nilishangilia, Mungu anisamehe, nilishangilia kuliko wote, nilikurushia na maneno machafu. Ndipo Teodora akaliweka beseni chini. Alikuwa bado ana taulo la bibi Neda begani, alikuwa anangoja zamu yake ya kumnawisha. Akasema polepole, "Galin, waambie." Galin akawa anatazama vidole vya miguu yake. Akasema tena, "Jumatano mimi napasuliwa. Waambie."

Mwanangu hajui kukaa kimya, Tsonka. Tangu mdogo, ukimwuliza nani kala jamu anajibu kabla hujamaliza. Alipokaa kimya vile nilijua kabla yako. Usifikiri ulijua wewe. Nilijua mimi, nimesimama na pilipili shingoni kama mwehu.

Ameniambia yote. Alipimwa mjini Sofia mwaka juzi, mbali na macho ya watu, na Teodora alikuwa naye. Mbegu chache, na hizo chache zimechoka. Daktari alimwambia ameze vile vidonge kama anataka, lakini kwanza kabisa aache maji ya moto. Miezi mitatu tu, halafu arudi wamwangalie tena, huenda zikawa zimejirudi zenyewe. Miezi mitatu, Tsonka! Akashindwa. Unajua kwa nini? Alisema, "Ningekwambia nini, mama, ukiniuliza kwa nini siendi?" Aliniogopa mimi. Asubuhi anameza vidonge, jioni anakwenda kuviua kwenye hodhi, mimi nampa taulo mlangoni na namwambia, "Kaa sana mwanangu." Na alipoona namtafutia mkewe daktari wa kumpasua, akaniacha nitafute.

Nilimpiga. Mtu mzima mwenye ndevu, nilimpiga kwa taulo bichi mpaka bega likaniuma. Alisimama tu.

Daktari wa Plovdiv nimemwambia mwenyewe kwamba hakuna mtu anayekuja. Hilo halikufanyi wewe mshindi. Ulimwaibisha mtoto wangu mbele ya wanawake niliowauzia tiketi maisha yangu yote. Jana mmoja kaniuliza kama maji yetu yanaivisha na wali. Na ukaondoka na mkwe wangu kwa treni ya alfajiri bila kuniamsha.

Maua yake ya dirishani nayamwagilia. Mwambie hivyo. Sijui yanataka maji kiasi gani, hakuniambia.

Galin hali vizuri. Anataka kuja huko. Nimemwambia avae viatu vya kukimbilia.

Verginia

*

Slanchovo, 14 Februari

Mkwe Verginia,

Umeniandikia kurasa tatu za aibu ya mwanao. Haya, tuihesabu hiyo aibu. Yake ilikuwa ya muda wa kuimba wimbo mmoja, tena alikuwa na shuka. Ya mwanangu ilikuwa ya miaka minne, mchana kweupe, sokoni, kanisani, na mifuko ya viazi mikononi. Na hakuwa na shuka.

Na usidhani nimemkasirikia Galin peke yake. Wewe nimekukasirikia. Nafsi yangu nimeikasirikia kwa kula ule mkate wako wa unga na kusifu. Teodora nimemkasirikia kuliko wote, na hilo nilimwambia kwenye treni ya kurudi, mbele ya kondakta. Nikamwambia, "Ungelala kwenye meza ya daktari, ukafunguliwa, ukafungwa, kwa ajili ya kitu unachojua hakipo?" Akanijibu, "Alilia, mama. Tulipotoka kupimwa alikaa ndani ya gari akalia kama mtoto. Nikamwambia nitalibeba mimi, kwa muda tu, mpaka apate nguvu. Halafu muda ukawa mrefu, na hakuniuliza kama ni zito." Kondakta akajifanya anatafuta tiketi zetu, na alikuwa ameshazitoboa.

Sasa hali ni hii. Kijana wako kapiga simu mara nyingi, Teodora haipokei. Teodora kamwambia kitu kimoja tu kupitia kwa Rangel, na Rangel kwa sikio lake lile alimfikishia nusu, ikabidi nishike simu nimalizie mimi. Kasema: mimi nilisemwa nje, mbele za watu, nikaitwa kisima kikavu. Kama unanitaka, njoo useme nje. Si chumbani, si kwa simu, si kwa kulia garini. Nje. Usiposema, nitabaki hapa nifanye kazi kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti, na wewe endelea na karata zako kwenye ubao unaoelea.

Nikamwambia, mwanangu, unadai mengi, wanaume hawawezi hayo. Akanitazama. Nikanyamaza. Mimi, Verginia! Rangel alitoka chumbani kuja kuona kama naumwa.

Kwa hiyo mwambie huyo fahali wako kwamba

Ngoja. Mbwa wanabweka barabara nzima.

Loo! Yuko hapa. Mwanao yuko getini kwangu. Kavaa suti, miguuni matope mpaka magotini, atakuwa katembea kutoka stesheni. Na siku aliyoichagua! Leo ndiyo sikukuu ya Mtakatifu Trifon, wanaume wote wametoka kupogoa mizabibu, wanarudi sasa hivi wamevaa mashada ya matawi kichwani, wana madumu ya divai, nusu yao wanatembea upande upande. Barabara imejaa kama soko. Hakujua, maskini. Au alijua. Naandika haraka nisisahau neno, wewe ni mama yake, una haki.

Geti nimelifunga. Ufunguo uko mfukoni mwa aproni. Simfungulii ng'o.

Anasema, "Mama Tsonka, habari za mchana. Fungua tafadhali, tuongee ndani."

Nimemjibu kwa dirishani, "Ndani kuna joto, Galin! Joto si zuri kwako! Ongea hapo hapo!"

Gina keshapanda juu ya ndoo aone vizuri. Rangel katoka uani na mkasi wake wa mizabibu, kasimama tu. Wale wa mashada wamesimama nao, wanafikiri kuna ngoma.

Anasema kitu. Anasema kwa viatu vyake. Gina kamwambia, "Kijana, hatusikii huku!"

Kavua kofia. Verginia, mwanao kavua kofia, masikio mekundu, na kasema kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani, nakuandikia kama alivyosema: "Si Teodora! Teodora ni mzima! Mwenye kasoro ni mimi, nilijua tangu mwaka juzi, nikamwacha asemwe yeye. Nilikuwa tayari apasuliwe. Nilikuwa tayari!" Hilo la mwisho kalisema mara mbili, na la pili halikutoka vizuri.

 

Sasa yule mlevi Stoyko, shada limemwangukia puani, kasema, "Kwa hiyo, bwana mdogo, bunduki ipo ila risasi hamna?" Wamecheka. Wote wamecheka, mashetani hawa, hata Rangel, lakini yeye hakusikia, kacheka kwa kuwa wengine wamecheka.

Galin hakukimbia. Nilidhani atakimbia. Kamwambia, "Zipo chache, mzee. Tangu Siku ya Mkunga sijagusa maji ya moto, naoga ya baridi, natetemeka kama mbwa. Zikiongezeka nitakuja kukwambia wewe wa kwanza. Zisipoongezeka pia nitakuja kukwambia. Cheka tu."

Stoyko kaacha kucheka. Kamnyoshea dumu. Galin kakataa, kasema pombe pia kakatazwa. Hapo ndipo wamemwonea huruma ya kweli, Verginia, wanaume watatu wamevua mashada.

Mimi bado nimekasirika. Nataka ujue hivyo. Kusema ni leo, kunyamaza kulikuwa miaka, na akifikiri ataingia humu alishwe sarma zangu za kabichi kwa sababu kavaa suti basi

Mlango wa chumba umebamizwa. Teodora katoka. Alikuwa nyuma ya pazia muda wote, hajavaa hata koti. Kapita jikoni mbio kachukua ufagio, sijui ni wa kumpiga Stoyko au mumewe, sura yake siielewi, na mimi ndiye niliyemzaa.

"Mama! Ufunguo wa geti uko wapi?"

Najifanya Rangel. Sisikii.

"Mama! Weka hiyo kalamu chini! Mama!"